Mchicha wa Marehemu

Mtaa mzima wa Triana, mjini Sevilla, ulijua kwamba mtoto wa Encarna hajafa. Asiyejua alikuwa kijana aliyewaongoza wageni, na hata yeye alikuja kujua, ila kujua kwake hakukumfaa mtu.

Chanzo kilikuwa ulimi, na ulimi hauna mfupa. Curro, mtoto wa pekee wa Encarna Vilches, alitaka kibaa chao, baa yao ndogo ya chakula, kiuzwe. Alisema baba yake alikufa akifuta meza zile zile na yeye hataki kufia hapo. Encarna alikuwa ameshika mwiko. Akamwambia mbele ya wateja, "Ukivuka mlango huo, kwangu umekufa."

Maneno hayo Triana husemwa kila wiki. Mama humwambia binti, ndugu humwambia ndugu, na Jumapili utawakuta wanachovya mkate kwenye sahani moja. Lakini Curro alirithi shingo ngumu ya mama yake. Akavuka mlango, akaenda Ujerumani kufunga mabomba ya kupashia nyumba joto, na miaka mitatu ikapita bila simu, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.

Mwaka wa pili akaja Gonzalo. Huyu alitoka Valladolid, huko kaskazini ambako mtu akisema kitu anakimaanisha. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni wanane wanane mtaani, waonje jibini sokoni, paja la nguruwe kwa mchinjaji, samaki wa kukaanga karibu na daraja, na kadhalika mpaka vituo vitano. Kwa Encarna walikula mchicha na dengu, uliotiwa kitunguu saumu na bizari nyembamba, pamoja na kipande cha mkate wa kukaanga. Siku ya kwanza Gonzalo aliona picha ukutani: kijana aliyefungwa kitambaa cheupe kichwani, kama wanavyofungwa wanaume wanaobeba sanamu ya Bikira mabegani Wiki Takatifu.

"Huyu nani, mama?"

"Huyo kwangu amekufa," Encarna akajibu, akaendelea kusugua sufuria.

Gonzalo akainamisha kichwa, akampa pole. Encarna alidhani kijana anampa pole kwa sababu ya sufuria. Kesho yake Gonzalo akawaambia wageni kwa Kiingereza kwamba mama huyu amefiwa na mwanawe, na kwa kuwa mwongozaji asiyetia chumvi hapati bakshishi, akaongeza kwamba kijana alianguka Ijumaa Kuu akiwa chini ya Bikira, na mchicha huu ndio uliokuwa chakula chake kipenzi.

Curro na mchicha! Utotoni alikuwa akiuficha shavuni hadi mama yake ageuke, kisha anautema kwenye chungu cha maua. Lile ua lilinenepa kuliko yeye.

Encarna hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Aliona tu wageni wanafuta machozi, wanamshika mkono, na mwanamke mmoja akambusu kipaji cha uso. Akaamini ni mapishi yake. Kwa miezi miwili alitembea mtaani kifua mbele, akiwaambia watu kwamba wageni wa mbali wanalia wakionja mkono wake. Ndipo akaja bibi mmoja wa Chile, anayezungumza lugha moja naye, akamkumbatia na kumwambia, "Pole sana, dada yangu. Hata mimi nilimzika wa kwangu."

Kundi lilipotoka Encarna alimkamata Gonzalo sikio, mtu mzima na ndevu zake.

"Nani kakwambia mwanangu amefariki?"

"Wewe, mama. Ulisema kwako amekufa."

"Kwangu! Nimesema kwangu! Kwenu Valladolid hamgombani na watoto?"

Gonzalo akawa mweupe. "Basi kesho nitawaambia ukweli."

Angemwacha aseme, tungekuwa hatuna hadithi. Lakini Encarna alitazama kibaa chake. Kabla ya wageni walikuwa wakija wazee watatu waliostaafu, wakigawana kahawa moja na gazeti moja. Sasa viti vilijaa, na waliokwenda kwao waliandika kwenye simu kuhusu mama anayelia, wakawaleta wengine. Njaa haina adabu. Akamwachia sikio.

"Usiwaambie kitu. Asiyekuwepo na lake halipo."

Utepe mweusi kwenye picha aliununua mwenyewe. Mshumaa aliuweka mwenyewe. Ubao wa mlangoni aliuandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa: MCHICHA WA CURRO. Hapo hakuna wa kumsingizia.

Mwenye baa ya ng'ambo ya barabara, Manoli, ambaye kwake pia palikuwa kituo cha wageni, alikuwa na macho na alikuwa na wivu. Kila asubuhi wakifagia milango yao alimrushia neno.

"Shoga, marehemu hajambo?"

"Anakusalimu."

"Mwambie akija Krismasi aniletee soseji za Kijerumani. Huko aliko si wanazo?"

Encarna alifagia kwa nguvu zaidi, vumbi likavuka barabara. Lakini akiingia ndani aliitazama simu kabla ya kutazama jiko. Hakuna siku aliyoacha kuitazama.

Mwezi wa Novemba Gonzalo alimletea habari. Mwenye kampuni, bibi Begoña, ameona matembezi ni marefu na wageni wanachoka. Vituo vitano vitakuwa vinne. Angekuja mwenyewe Alhamisi na kundi, na angeamua nani atolewe, Encarna au Manoli.

"Hajui kwamba ni uongo," Gonzalo akasema. "Tafadhali, mama, usiniangushe."

"Wewe sema yako, mimi nitapakua yangu."

Alisema kwa jeuri, lakini alijua hali yake. Akiondolewa, atafunga mlango kabla ya Krismasi, na kufunga mlango kulikuwa na maana moja tu: Curro alikuwa sahihi. Hilo lilimuuma kuliko umaskini.

Alhamisi alivaa aproni mpya. Saa sita na nusu mchana wakaingia wanane, na nyuma yao Begoña, mwanamke wa Sevilla mwenye miwani shingoni na kidaftari mkononi.

"Karibuni, roho yangu, kaeni, roho yangu," Encarna akawaambia mmoja mmoja. Triana mwenye baa humwita kila mtu roho yangu, kuanzia tarishi hadi mlevi. Haigharimu kitu.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Gonzalo alishusha sauti pale panaposhushwa. Mshumaa uliwaka. Mzee mmoja wa Kanada alivua kofia, mkewe akatoa kitambaa. Begoña hakula, aliandika, na Encarna akaona kwa jicho la pembeni kwamba anaandika huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alianza kupakua sahani ya nane.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume wa ndevu, amekonda, anaburuza sanduku la magurudumu.

Mama hahitaji ndevu zinyolewe. Encarna alimjua kwa namna alivyopangusa viatu, mara mbili kulia na mara moja kushoto, kama alivyofundishwa na baba yake. Miaka mitatu alikuwa ameyapanga maneno atakayomwambia, mengine makali na mengine matamu, na yote yakamjaa mdomoni kwa pamoja.

Curro alikuwa anatabasamu. Alikuwa amesafiri siku mbili kwa treni bila kumwambia mtu, na alikuwa amekwisha kufungua mikono.

Begoña aliinua macho kutoka kwenye kidaftari. Gonzalo hakumtambua mgeni. Picha ilionyesha kijana wa mashavu, na kitambaa kilimfunika hadi nyusi. Wageni wanane waliokuwa wakimlilia waligeuka kumtazama. Encarna akapiga hesabu haraka, hesabu ya mchuuzi. Saa moja tu. Saa moja, wao wataondoka, na mwanangu nitamweleza, atacheka mpaka aanguke. Mwanangu ni wangu, atangoja. Hawa hawangoji.

"Karibu, bwana," akasema. "Nikupatie nini?"

Mikono ya Curro ilibaki wazi kidogo, kisha ikashuka. Alitazama kama mama yake anatania. Encarna alikuwa mtu wa utani, na sura yake ngumu ilikuwa sehemu ya utani wake, kwa hiyo Curro alisubiri acheke. Akamkonyeza kwa jicho moja. Encarna hakumrudishia, Begoña alikuwa anamtazama usoni.

"Bwana, unazuia mlango."

Mzee wa Kanada alikuwa na moyo mwema, na wenye moyo mwema ndio wanaoharibu mambo. Alidhani huyu ni msafiri mwenye njaa, akamsogezea kiti na kumwekea sahani yake ambayo hakuwa ameigusa. Akamwonyesha ukutani kwa kidole, halafu akajishika kifua.

Curro akatazama kidole kinakoelekea. Akajiona. Akaona utepe mweusi na mshumaa, na chini yake kigilasi cha maua ya plastiki.

Begoña, aliyependa kila mtu aelewe kila kitu, alimwinamia na kumnong'oneza kwa lugha yao. "Ni mtoto wake. Alikufa amembeba Bikira, maskini. Hiki ndicho chakula alichokipenda. Kula kidogo, mama wa watu atafarijika."

"Alikufa lini?" Curro akauliza.

Begoña akamgeukia Encarna. Wote wakamgeukia Encarna. Angeweza kuzimia, angeweza kuangusha sufuria, watu huponea kwa mambo madogo kuliko hayo. Lakini alikuwa ameanza, na aliyekwisha kuyavulia maji nguo huyaoga.

"Miaka mitatu sasa," akasema.

Curro akahesabu kimyakimya. Ilikuwa sawasawa. Ilikuwa mwaka ule ule na, kwa alivyojua yeye, siku ile ile, mlangoni hapo hapo. Mama yake alikuwa ametamka neno, na kumbe hakutamka bure. Alikwenda akanunua utepe.

Akakaa. Akachukua kijiko. Encarna aliona mchicha ukiingia kwenye kinywa kile, na bila kutaka akalitazama shavu, akingoja livimbe upande mmoja kama zamani. Halikuvimba. Curro alitafuna akameza. Akala dengu moja moja, akala na bizari yake yote, akachukua mkate akafuta sahani mpaka ikang'aa. Mke wa mzee wa Kanada alilia kwa sauti, na mtu mmoja akapiga picha.

Alipomaliza alisimama, akaweka kijiko katikati ya sahani, akashika mpini wa sanduku lake.

"Pole kwa msiba, bibi," akasema. "Mimi nilidhani ni maneno tu."

Sasa Encarna alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale pale, juu ya ulimi, herufi chache tu. Begoña alikuwa anaandika mbio mbio, na Encarna akaona amepigia mstari neno fulani, mara mbili. Akafunga mdomo. Dakika arobaini tu, akajiambia. Hatafika mbali na sanduku lile.

Wageni wakakaa dakika hamsini na tano. Walitaka kahawa. Walitaka picha naye, mmoja mmoja, kisha wote. Mwisho Begoña akamshika mabega yote mawili.

"Kituo ni chako, mama. Na yule bwana! Mteja wako wa siku zote?"

"Hapana."

"Basi mtafute. Mtu anaingia tu kutoka njiani, anakula, anatoa pole. Kila siku tungepata mtu kama yule, ningekuwa tajiri."

Encarna alisubiri wa mwisho avuke kizingiti, kisha akakimbia. Alikimbia na aproni yake mpya hadi kwenye daraja, akatazama huku na huku, akapiga ile namba ya simu aliyoijua kwa moyo na asiyoipiga miaka mitatu. Ikaita mpaka ikanyamaza. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Akarudi anahema, na Manoli alikuwa mlangoni kwake, amekunja mikono.

"Umemwona?" Encarna akauliza. "Manoli, niambie, umemwona?"

"Nimemwona. Kanenepa ndevu, kakonda mwili. Kapita hapa kaniuliza kama ni kweli umemwekea mshumaa tangu zamani."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni kweli. Unamzika kila siku saa sita na nusu, isipokuwa Jumatatu mnapofunga."

"Ungemwambia ni kwa ajili ya wageni! Ungemwambia ni uongo!"

"Mimi?" Manoli akachukua fagio lake. "Mimi ni jirani tu, shoga. Hadithi ni ya kwako. Na kituo umepata, hongera."

Encarna aliingia ndani. Sahani ya Curro ilikuwa bado mezani, safi, kijiko katikati. Hakuiosha. Aliiweka rafuni, juu, chini ya picha.

Kesho yake saa sita na nusu wakaingia wanane wengine. Aliwasha mshumaa, akawaita roho yangu, akapakua. Gonzalo alishusha sauti. Msichana mmoja mwenye nywele nyekundu alionja, akakunja pua kidogo kwa bizari, akamuuliza Gonzalo jambo.

"Anauliza," Gonzalo akatafsiri, "kama ni kweli marehemu alikipenda chakula hiki."

Encarna alikuwa anakata mkate. Hakuinua uso.

"Mwambie mara ya mwisho alimaliza sahani," akasema. "Nilimwona kwa macho yangu."