Mfuniko wa Tangi

Kila asubuhi nilikaa mbele garini, kando ya baba aliyeendesha, kikapu cha madaftari mapajani, nikahesabu misikiti ya njiani. Wa kwanza ulikuwa wetu wa Mgogoni. Ukifika wa tisa tuko Wete, nami nashuka kwenda kufundisha. Asubuhi ile nilikuwa nimehesabu mitatu tu. Gari likakohoa mara mbili, likatetemeka, likanyamaza katikati ya njia.

"Msellem," Jaribu, abiria wetu wa kila siku, akamwita baba kutoka viti vya nyuma, "gari lako siku hizi limekuwa na uchamungu. Halipiti msikiti bila kusimama."

Abiria wakacheka. Baba hakucheka. Alifungua boneti, akapangusa plagi, akasugua platini ya kuwashia cheche kwa msasa, akachomoa bomba la mafuta na kulipuliza kwa mdomo. Kisha akapiga hendeli. Gari likawaka mara moja, kama halijapata kuugua.

"Plagi," akasema, akijifuta mikono. Jana yake alisema ni platini. Juzi yake, kabureta.

Ilikuwa miezi ya kabla ya uchaguzi wa sitini na moja. Watu wa chama chetu hawakupanda magari ya watu wa chama cha wapinzani wetu, wala wao hawakupanda yetu. Hatukununua madukani kwao, hatukwenda mazikoni kwao. Salamu zilikatwa. Pale Mgogoni, upande wetu, gari lilikuwa hilo moja la baba, na fundi aliyeijua injini kuliko baba alikuwa mmoja, Nassor, naye alikuwa wa kwao. Nilimwita ami tangu nilipojua kusema, maana yeye na baba walijifunza udereva katika lori moja. Banda lake lilikuwa kando ya barabara hiyo hiyo. Kila tukilipita, baba aligeuza uso.

Mwezi mmoja nyuma ilivuma kwamba huko kusini mtu ametia sukari katika tangi la gari la chama chetu ili kuiua injini. Baba hakuuliza gari gani, wala la nani. Alikata kipande cha tyubu akakiweka chini ya mfuniko wa tangi, akazungushia nta pembeni, na kile kitundu kidogo kilichokuwa katikati ya mfuniko akakijaza nta pia. Juu yake akafunga waya.

"Sasa hata sisimizi haingii," alisema.

Kuchelewa shule ningevumilia. Nilichoogopa ni habari ya dada yangu, Mwanawema. Mimba yake ilikuwa imefika mwezi wa nane, na Bi Time, mkunga wetu, alimpapasa tumbo akatikisa kichwa. "Mtoto kalala mkingamo, kichwa hakiko chini," alimwambia mama. "Uchungu ukimshika, msinitafute mie. Mpelekeni hospitali, na mwende mbio." Tungekwenda kwa gari gani, kama si lile?

Nikaanza kuandika. Nyuma ya daftari langu la maandalio nilitia kila siku: limezima wapi, baada ya misikiti mingapi. Wiki mbili zilipopita niliona jambo. Siku ambayo tangi limejazwa, gari huzima mapema. Tangi likikaribia kuwa tupu, hufika mbali. Nilimwonyesha baba, nikidhani nimemsaidia.

"Si unaona!" akasema. "Wameniwahi kabla sijaziba. Kuna kitu humo ndani, na mafuta yakijaa kinapanda. Nassor huyo. Nani mwengine anayejua?"

Nikalifunga daftari.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa nikifundisha habari ya hewa, somo nililolipata mwenyewe chuoni Unguja. Nilichukua kopo la maji lililozibwa, nikalitoboa tundu moja kwa msumari, nikaligeuza. Maji yakadondoka kidogo, yakakoma. Nikatoboa tundu la pili upande wa juu. Yakamwagika mpaka miguuni pangu, na wasichana wakacheka.

"Kwa nini sasa yanatoka?" nikauliza.

"Kwa sababu hewa imepata pa kuingilia, Mwalimu," akajibu Mwanakhamis, mtoto wa mstari wa mbele.

Nilibaki na msumari mkononi. Nilikuwa naliona tangi la baba: likijaa, hewa iliyobaki ndani ni kidogo, na kitundu cha kuingizia nyingine kimejaa nta.

Jioni, wakati wa kurudi, Jaribu na wenzake walikuwa wamejaa nyuma yetu wakizungumza siasa. Nilisubiri wanyamaze. Hawakunyamaza.

"Baba," nikasema.

"Nini?"

Abiria kumi na wawili wangenisikia. Baba alikuwa dereva tangu sijazaliwa. "Hapana," nikasema. "Nilitaka kuuliza kama tutapita dukani kwa Ramji."

"Kununua nini?"

"Sindano."

Nikanunua sindano nisizozihitaji. Nikajiambia, kesho. Na kesho yake nikajiambia, kesho.

Alhamisi baada ya sala ya alfajiri Mwanawema alishikwa na uchungu. Tangi lilikuwa limejaa. Baba alilijaza kwa ajili hiyo hasa. Tukamlaza dada kwenye godoro baina ya viti, mama na Bi Time wakamshika, mimi nikakaa mbele. Msikiti wa pili tulikuwa hatujaufikia gari lilipozima, na lilizima mbele ya banda la Nassor.

Baba akafungua boneti. Plagi. Platini. Nassor alitoka akasimama ukingoni mwa barabara. Alisikia sauti ya dada, akavuka. Hakugusa injini. Alikwenda nyuma, akainama, akautazama mfuniko.

"Msellem, fungua huu."

"Ondoka kwenye gari langu!"

"Sikuombi salamu. Sikuombi kitu. Fungua mfuniko tu, mwende zenu."

"Nifungue upate kutia tena?" Baba alikuwa ameinua spana. "Sogea, Nassor. Wallahi nitakupasua."

Mama aliinua kichwa kule nyuma akanitazama mimi. Hakujua ninachokijua, alitazama tu kama mtu anavyomtazama aliyesoma. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu, yamekamilika. Nikainamisha macho.

Nassor akarudi nyuma hatua moja, mbili, akavuka barabara. Alibaki pale amesimama mikono ikining'inia. Gari liliwaka baada ya nusu saa. Likazima tena msikiti wa nne. Likazima tena wa saba. Tulipofika hospitali Mwanawema alikuwa halii tena.

Mtoto alitoka amekufa. Wa kiume.

Dada aliachwa hospitali pamoja na Bi Time. Sisi tulirudi alasiri, mama akiwa amempakata mtoto katika kanga. Gari lilizima mara tatu. Habari ilikuwa imetutangulia, na uani kwetu wanaume walikuwa wamekwisha kukusanyika. Na kando yao, peke yake, alisimama Nassor, jembe begani. Alikuwa amekuja kuchimba kaburi. Kutoka upande wa chama chao hakuja mwengine.

Baba alishuka garini. Alimwona.

"Kaburi hili halichimbwi kwa mkono wako," akasema. Kisha akawageukia watu. "Huyu ndiye. Mmuone vizuri. Huyu ndiye aliyelitia gari langu kitu, na huyu ndiye aliyemuua mjukuu wangu."

Wanaume wakanung'unika. Jaribu akamsogelea Nassor. Nassor alilishusha jembe, akaliegemea, kama mtu aliyechoka kwa kazi ambayo bado hajaifanya.

Nilikuwa bado kwenye kiti cha mbele. Nikashuka. Sijapata kupita mbele ya wanaume wengi kiasi kile. Nilichukua koleo kwenye sanduku la zana, nikaenda nyuma ya gari, nikakata waya. Nta ilikuwa ngumu. Niliubana mfuniko kwa mikono miwili nikauzungusha, na hewa ikaingia tangini kwa mluzi mrefu ambao wote uani waliusikia.

"Khairiya," baba akasema. "Unafanya nini?"

Nikamgeukia, mfuniko mkononi, mpira wake ukining'inia.

"Hakuna aliyelitia kitu, baba. Tangi halikuwa na pa kuvutia pumzi. Uliliziba wewe, na mie nilijua tangu Jumatatu, nikanyamaza."