Ukurasa Uliochanwa

Mara ya kwanza Mwalimu Alistidia Kahangwa alipoliona neno lake limeandikwa kwa mkaa kwenye tangi la maji la shule, alifurahi. Hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye kuliko mengine yote. Alisimama pale na madaftari kifuani, akalisoma mara mbili, BWATO, kwa herufi kubwa zilizopinda, na furaha ikampanda hadi akageuka kutazama kama kuna aliyemwona akitabasamu. Ni waandishi wangapi wa Muleba waliowahi kunukuliwa na tangi la maji? Aliingia darasani akafundisha ngeli za nomino kwa bashasha ambayo ngeli za nomino hazijawahi kuistahili.

Miaka miwili nyuma alikuwa ametoa riwaya, *Nchi ya Wapole*. Ni kisa cha mji wa kando ya ziwa katika miaka ijayo, ambako vijana hupiga watu jioni kwa kujifurahisha tu, na wana lugha yao ambayo wazazi hawaielewi. Serikali ya mji huo, ikishachoka nao, inawanywesha dawa ya upole. Aliyeinywa hawezi tena kuinua mkono hata kumfukuza nzi. Kitabu kizima kinauliza kama mtu asiyeweza kutenda baya anastahili kusifiwa kwa kutenda jema. Wakubwa walilisifu swali. Wanafunzi hawakuwa na habari na swali. Walichokipenda ni lugha. Haukupita muhula, shule nzima ikawa inaita polisi mvua, wazazi mashina, na kutimua mbio kukawa kusenene, kama senene, wale panzi wa kuliwa, wanavyotawanyika ukiwakaribia. Mwalimu Alistidia aliyasikia maneno yake uwanjani na akapunguza mwendo ili ayasikie zaidi.

Bwato halikuwamo kitabuni.

Kyaruzi ndiye aliyelifuata kwake, kabla ya lile tangi. Alikuwa kijana wa kidato cha nne, miaka kumi na minane, mrefu, mkimya, na nakala yake ya riwaya alikuwa ameijalidi kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Alimjia wakati wa mapumziko akasimama mlangoni mwa ofisi ya walimu.

"Mwalimu, kuna neno halimo," alisema. "Wanapompiga mtu kwa ngumi lipo. Kwa fimbo lipo. Akishaanguka, wanapomkanyaga, wanasemaje?"

Mwalimu mwingine angemuuliza kwa nini analitaka. Yeye alihisi kama mama aliyeambiwa mwanawe ana njaa. Alifikiri kidogo tu, na likamjia lenyewe kutoka utotoni Kagoma. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa ambaye Jumapili alikaa kiti cha mbele na Jumatatu akatengeneza rubisi, pombe ya ndizi, nyuma ya nyumba, na mchungaji akajifanya hamnazo. Ndizi zilizoivishwa shimoni zilimiminwa katika gogo refu lililochongwa kama mtumbwi, zikachanganywa na nyasi, kisha wanaume wakaingia miguu mitupu wakazikanyaga hadi zikatoa maji. Gogo hilo waliliita obwato. Mwanamke hakuruhusiwa kutia mguu mle. Alistidia mdogo alisimama kando, nyayo zikimwasha, akisikiliza ile sauti ya ndizi zikipondeka chini ya miguu ya kaka zake, na hakuna kitu duniani alichokitamani kama kile.

Alichukua kitabu cha Kyaruzi, akafungua ukurasa mtupu wa mwisho, akaandika kwa kalamu yake nyekundu ya kusahihishia: *Bwato! Mmoja huita, wote huingia na miguu.* Akapiga na mstari chini yake. Kyaruzi alisoma, akacheka, na yeye akacheka naye.

Wiki tano baadaye, Jumamosi ya gulio, Najibu alikuja Muleba kutoka Bukoba kuwapima wanakwaya wa usharika. Alikuwa fundi cherehani, kijana wa Kiislamu aliyewashonea Walutheri sare nzuri kuliko mafundi wao wenyewe, na wanakwaya walimtania kwamba wangembatiza siku asiyotegemea. Alimpima pia Mwalimu Alistidia, mwimbaji wa sauti ya pili, mabega na kiuno. "Mwalimu amepungua," alisema kwa adabu, na kina mama wakacheka kwa sababu haikuwa kweli. Saa kumi na moja jioni alitoka na futikamba yake shingoni, akapita kichochoro cha nyuma ya soko. Vijana watatu walimtaka awape ile futikamba waichezee. Akakataa. Walimpiga ngumi akaanguka, na alipokuwa chini akasikia mmoja akiita neno asilolijua. Kisha miguu ikaja. Mkono wake wa kulia, mkono wa mkasi, ulipondwa pale juu ya mawe.

Kabla ya shauri la Kyaruzi na wenzake wawili kufika mbele ya kamati ya nidhamu ya shule, Adventina, mama yake Kyaruzi, alikuja nyumbani kwa Mwalimu Alistidia na mkungu wa ndizi kichwani. Alikuwa ametembea nao kutoka barabarani jua likiwaka. Aliutua barazani, akapiga magoti kusalimu, na hata alipoinuliwa alikaa chini mkekani.

"Waitu mwalimu," alisema kwa heshima ya Kihaya, "wewe ni mtoto wa kwetu Kagoma. Waambie kitabu ndicho kilichomtuma. Wakimfukuza sasa, mtihani ameukosa, na baba yake hayupo. Mimi sina mwingine."

"Kitabu hakina mikono, mama Kyaruzi," Mwalimu Alistidia alijibu. Alikuwa ameiandaa kauli hiyo siku tatu. "Wengi wamekisoma na hawakumgusa mtu. Mwanao alichagua."

Adventina aliitazama mikono yake mwenyewe, iliyojaa utomvu mweusi wa migomba. "Mambo ya kuchagua siyajui. Ninachojua, alilala na kile kitabu chini ya mto."

Baada ya kumsindikiza, Mwalimu Alistidia aliketi akajisifu kimoyomoyo kwamba alikuwa amesema kweli. Alikuwa ameandika kurasa mia tatu kutetea jambo hilohilo: mtu huchagua, na ukimnyang'anya uchaguzi umemnyang'anya utu. Basi mbona moyo ulikuwa unamdunda kama wa mwizi? Mkungu ulibaki barazani. Hakuwa na ujasiri wa kuupika wala wa kuugawa.

Kamati ilikaa Jumanne ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Rwekaza, mtu mwenye haraka ya kila jambo. Mezani waliweka nakala ya Kyaruzi yenye jalada la mfuko wa saruji, iliyokutwa bwenini. Mwalimu Alistidia aliitambua toka mlangoni. Alikaa akijua kwamba mtu yeyote akikifungua kile kitabu mwisho, atakutana na mwandiko ambao shule nzima inaujua, kwa wino ambao shule nzima inauogopa.

Mwalimu Rwekaza alikifungua mwisho.

Ukurasa haukuwepo. Ulikuwa umechanwa taratibu kwa kufuata mshono, kama anavyochana mtu asiyetaka kukiumiza kitabu.

"Huu ukurasa umekwenda wapi?" mkuu aliuliza.

"Ulichanika, mwalimu," alisema Kyaruzi. Alikuwa amesimama mikono nyuma, macho sakafuni.

"Majeruhi anasema kabla hamjamkanyaga, mmoja aliita 'bwato'. Wenzako wanasema ni wewe, na kwamba neno hilo wamelipata kwako. Mwalimu Kahangwa, wewe ndiye mwenye kitabu. Neno hili limo?"

Wote walimgeukia. Dirishani mlipita sauti ya mtu akipigia kuku kelele. Mwalimu Alistidia aliona wazi, kama mtu anavyoliona shimo mbele yake, kwamba hapa ndipo mahali pa kusema.

"Halimo," alisema. "Mnaweza kukisoma chote. Halimo."

Hakuna mahakama ambayo ingemshika kwa uongo. Lilikuwa jibu la kweli, na alilitoa kwa sauti safi ya mwalimu, na papo hapo alijisikia ameoza.

"Basi mlilitoa wapi?" mkuu akamrudia kijana.

"Nilitunga mwenyewe," Kyaruzi akasema.

Kwa jibu hilo akajimaliza. Wale wawili wengine walihesabiwa kuwa wafuasi, wakapewa adhabu na ruhusa ya kurudi kufanya mtihani. Yeye aliyetunga neno la kukanyagia watu alikuwa amekusudia tangu mwanzo. Alipendekezwa afukuzwe, na bodi ya shule ingekutana Ijumaa kuthibitisha. Adventina, aliyekuwa kwenye benchi nje, aliambiwa kwa maneno machache. Hakulia. Aliuliza tu kama godoro la mtoto wake alichukue leo au asubiri.

Wakati wa kutoka, Kyaruzi alimpisha mwalimu wake mlangoni. "Shikamoo, mwalimu," alisema, kama kawaida ya siku zote.

"Marahaba," Mwalimu Alistidia akajibu, akapita.

Usiku huo na uliofuata hakupata usingizi. Alijaribu kumchukia Kyaruzi kwa ule mkono uliopondwa, na alipata sababu ya kutosha: hakuna aliyemshika mguu akamkanyagisha. Lakini kila alipofika hapo alimwona akiuchana ule ukurasa, mahali fulani bwenini, pole pole, akimwokoa mtu mzima ambaye hakuwa amemwomba. Katika kitabu chake aliuliza kama wema wa mtu asiyeweza kutenda baya unastahili sifa, na wasomi walimpongeza kwa kuliacha swali wazi. Sasa kijana wa kidato cha nne, aliyeweza kutenda baya, alikuwa amelijibu kwa kuchagua jema, na yeye mwenye swali alikuwa amekaa kimya kwenye kiti akimwacha azame. Aliona haya, haya ya kweli, ya kumfanya mtu afunike uso akiwa peke yake chumbani.

Alhamisi asubuhi aliomba ruhusa, akaenda Bukoba.

Nyumba ya Mastura, mama yake Najibu, ilikuwa mtaa wa karibu na ziwa, na barazani palikuwa na cherehani mbili. Moja ilikuwa imefunikwa kanga. Mastura alimpokea kwa heshima ya mgeni, akamweka kwenye kiti kizuri, na kabla ya neno lolote akamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Mhaya haanzi mazungumzo na mgeni mkavu mdomo, awe wa kanisani au wa msikitini. Mwalimu Alistidia alichukua buni tatu. Lakini aliyezipokea na kuzitafuna amekubali kwamba kuna amani kati yake na nyumba ile, na yeye alijua alichokuja nacho. Alizifumbata kiganjani.

Najibu alitoka ndani akiwa na mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko. Alikuwa amekonda. "Shikamoo, mwalimu. Kwaya wamenitumia salamu. Waambie watafute fundi mwingine kwa Pasaka, wasinisubiri."

"Madaktari wanasemaje?"

"Vidole viwili vitakunjika. Hivi vingine Mungu anajua." Alikaa, akauweka mkono juu ya meza taratibu. "Mwalimu, wewe ni mtu wa lugha. Kuna kitu kinanisumbua kuliko maumivu. Lile neno waliloliita. Naliota. Kama ningejua maana yake labda lingeniacha."

Saa yake ilikuwa imefika. Mwalimu Alistidia akamweleza. Alimweleza gogo la baba yake, ndizi zilizoiva, nyasi, miguu ya wanaume. Alipofika kwenye sauti ya ndizi zikipondeka, Mastura aligeuza uso akatazama barabarani. Najibu alisikiliza bila kupepesa macho.

"Vijana wa siku hizi hawajui hata obwato," alisema hatimaye. "Wamelitoa wapi?"

"Kwangu."

"Kitabuni?"

"Halimo kitabuni. Kyaruzi aliniomba neno la kumkanyagia mtu, nikamwandikia kwa mkono wangu. Nilifurahi kumwandikia. Kwenye kamati wakaniuliza nikasema halimo, basi. Yeye akasema amelitunga mwenyewe. Kesho wanamfukuza."

Alingoja wamtukane. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kutolewa nje, na kwa namna fulani alikuwa ameyatamani. Mvuvi mmoja alipita barabarani na samaki kwenye baiskeli, akasalimia, na Mastura akamwitikia, kwa sababu salamu ni salamu.

"Yeye ndiye aliyeruka kwanza," Najibu alisema. "Nilimwona. Usinifanye nimhurumie, mwalimu, sijafika huko."

"Sikuja kwa hilo."

"Umekuja kwa nini? Niseme nimekusamehe, urudi Muleba ukalale?"

Ndivyo ilivyokuwa. Alilijua hilo palepale alipoulizwa, na machozi yakamtoka bila kwikwi. Najibu alimwangalia kidogo. Kisha aliinuka, akaingia ndani, akarudi na daftari lake la vipimo na kalamu, akavisukuma mbele yake kwa mkono wa kushoto. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na majina ya wanakwaya, mabega na viuno, na jina lake likiwemo. Akafunua mwingine, mtupu.

"Andika hayo uliyoniambia. Yote, na gogo la baba yako. Bodi wasome kabla hawajakaa." Akasita. "Au usiandike. Sikulazimishi. Basi la Muleba liko saa saba, na mimi sitamwambia mtu."

Mwalimu Alistidia alifikiria kazi yake, iliyobakiza miaka sita kustaafu. Alifikiria Mwalimu Rwekaza akisoma, na kina mama wa sauti ya pili. Kiganja kilikuwa kimelowa jasho. Alipokifumbua, zile buni tatu zilikuwa zimeacha alama katikati. Aliziweka mezani, akachukua kalamu.

Upepo wa ziwa uliinua karatasi. Najibu alisogeza mkono wake uliofungwa, akauweka juu ya ukingo wa daftari ili lisifunuke, na Mwalimu Alistidia akaanza na jina lake kamili. Mastura alizitazama zile buni pale mezani. Hakuzirudisha kikapuni, wala hakumwambia azitafune.