Kengele Iliyodai Sururu

Fundi wa kupima kengele alikuwa ameketi mezani kwake kiwandani, chai yake bado ya moto. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kila kengele ya mlango kabla haijatiwa kwenye boksi. Inayolia anaiweka huku, iliyo bubu anaiweka kule. Ile aliyoishika asubuhi hiyo haikulia. Ilisema, kwa sauti nene ya kiume, "Hodi! Nirudishie sururu yangu!"

"Sijaichukua mimi," fundi akajibu, akaiweka pamoja na zile nzima, kwa sababu ilisikika vizuri.

Zilizofuata zilisema hivyohivyo. Zote zikauzwa.

Malalamiko hayakuchelewa. Hakuna mteja aliyelalamika kwamba kengele inasema. Walichochoka nacho ni kuambiwa neno lilelile kila siku. Mama mmoja alieleza kwamba amenunua sururu mpya kabisa na kuiegemeza mlangoni, lakini kengele bado haijaridhika. Mzee mmoja alitaka kujua kama kampuni inamshuku yeye.

Meneja wa ununuzi akamwita mwanamke aliyeajiriwa kufuatilia madini yanakotoka. Wenzake walimwita Bi Chimbuko, kwa kuwa hakuweza kula hata mkate bila kuuliza ngano yake ililimwa wapi. Ndani ya kila kengele kulikuwa na bati kidogo, ile inayoshikamanisha nyaya, na kampuni ilikuwa imeapa mbele ya wateja kwamba bati yake haitoki kwenye milima ambako wenye bunduki huwatoza wachimbaji.

"Karatasi zetu ni safi," Meneja akasema.

"Karatasi hazijalalamika, bosi. Zinazolalamika ni kengele."

Bi Chimbuko akatia kengele moja mkobani, pamoja na betri za akiba, akaondoka.

Alianzia kwenye kiwanda cha kuyeyusha bati. Msimamizi wa pale alimweleza kwa upole kwamba magunia ya kila pembe huingia tanuru moja, na kuuliza bati hii ni ya nani ni sawa na kuuliza tone la mchuzi limetoka kwenye kitunguu kipi. Mkobani, kengele ikapiga chafya kwa ajili ya moshi, kisha ikadai sururu.

"Kumbe ni huyu!" msimamizi akasema. "Alitupigia kelele tanuruni mpaka vijana wakaziba masikio kwa pamba. Huyu alitoka kwa Mizani."

Mizani alikuwa mnunuzi wa madini, mtu mnene mwenye ghala kubwa na ukarimu mkubwa zaidi. Alimvutia mgeni kiti, akamwonyesha kwa kidole mlima wa kijani ng'ambo ya barabara. "Mzigo wangu wote unatoka pale. Mlima una vibali, una lakiri za kufungia magunia, una hata choo cha wafanyakazi."

"Mwongo!" kengele ikasema. Lilikuwa neno lake la kwanza jipya.

Mizani aliutazama mkoba kama mtu anayemtazama shemeji aliyekuja tena kukopa. "Wewe! Hata ulipokuwa na mwili ulikuwa hivyohivyo." Akashusha pumzi. "Sikiliza, dada yangu. Mlima huu una vibali, lakini hauna bati. Ule wa nyuma una bati, lakini hauna vibali. Kila mmoja na upungufu wake. Basi mimi nimeiozesha. Bati ya yule inavaa lakiri ya huyu, na ndoa imedumu."

"Na wenye bunduki?"

"Hao ni wakwe," Mizani akasema. "Mkwe humchagui."

Njia ya kwenda mlima wa nyuma ilikuwa imezibwa kwa kamba ya manila. Vijana wenye bunduki waliketi kwenye viti vya plastiki, wakipokea fungu lao katika kila gunia lililoshuka. Mchimbaji aliyebisha aliacha kifaa chake. Sururu zilikuwa zimerundikana nyuma yao, na kiongozi wao alikuwa ameanika soksi kwenye mipini. Bi Chimbuko alitoa kengele mkobani, akaibonyeza.

"Hodi! Nirudishie sururu yangu!"

"Suala lako bado linashughulikiwa," kiongozi akaiambia, na wenzake wakacheka mpaka mmoja akaanguka na kiti chake. Kisha akachukua betri zote za akiba, ndio ushuru wa siku hiyo, akainua kamba.

Mwenye sauti haikuwa vigumu kumpata. Alikuwa mtu pekee mlimani aliyesalimia kwa mikono. Alikuwa akichimba kwa kipande cha nondo, na mkewe alikuwa kando yake akichekecha mchanga. Bi Chimbuko alipobonyeza kengele, yule bwana aliachia nondo. Midomo yake ikafuata maneno, kwa kuchelewa kidogo.

"Ndiyo yenyewe," mke akasema. "Siku walipomnyang'anya sururu aligombana nao pale kwenye kamba kutwa nzima. Alipiga kelele mpaka sauti ikamtoka. Na gunia lilikuwa wazi, ikaingia humo. Nilimwambia afunge gunia. Hanisikilizi."

Mume alieleza kwa vidole kwamba hakuambiwa.

"Nilikwambia!"

Mume akabonyeza kengele. Ikadai sururu.

"Unaona? Hana jipya," mke akasema, lakini aliichukua kengele akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, taratibu, kama anavyofutwa mtoto uso. "Zamani akitoka shimoni alikuwa ananiita kwanza kwa mbali. Nikawa najua mzima."

Bi Chimbuko akasema kwamba atakwenda kuwaambia wakubwa zake wasinunue tena bati ya mlima huo.

"Weee! Ukifanya hivyo tutakula nini?" Mke alisimama. "Nunueni. Ila waambie hao wakubwa zako wenye nguvu kwamba kamba iondoke. Sisi shida yetu ni kamba."

Bi Chimbuko aliwaachia kengele, akarudi kiwandani.

Mkutanoni alisimulia kila kitu: ndoa ya milima, soksi, kamba, na ombi la yule mama. Wakubwa walisikiliza kwa makini. Mmoja aliuliza kama inawezekana kubakiza "hodi" peke yake, maana hiyo kwa kweli ilikuwa na ukarimu. Meneja akahitimisha kwamba kampuni haiwezi kuvumilia jambo kama hili, na kwamba kuanzia sasa itanunua kwa mtu mwingine.

"Na kamba, bosi?"

"Kamba iko nje ya idara yetu."

Mtu mwingine huyo alikuwa mdogo wake Mizani, aliyevaa tai. Mzigo ukaja na lakiri mpya zinazong'aa. Kengele zilizotoka humo zilisema kwa sauti laini ya kike: "Hodi. Kamba bado ipo."

Wateja waliipenda sana. Walisema hii ina adabu. Mauzo yakapanda, na Meneja akampongeza Bi Chimbuko mbele ya watu kwa kulimaliza tatizo. Bi Chimbuko aliitambua sauti ile pale pale aliposimama kupigiwa makofi. Hakushangaa, alipatwa na aibu, kisha hasira. Akatia moja mkobani, akaomba ruhusa, akapanda tena mlimani.

Kwenye kamba walichukua mwavuli wake.

Aliwakuta mume na mke wameketi mlangoni kwao, wakigombana kwa mikono kwa kasi kiasi kwamba hakuweza kufuata. Mke alimwonyesha koo lake, kisha akaonyesha chini kwenye kamba, kisha akapandisha mabega. Bi Chimbuko akampa kengele yake. Waliipigilia kwenye mwimo wa mlango, ubavuni mwa ile ya mume.

"Nirudishie sururu yangu!" mume akabonyeza.

"Kamba bado ipo," mke akabonyeza.

Wakabonyezana hivyo mpaka wote wawili wakawa wanacheka bila sauti, mabega yakitikisika, machozi yakiwatoka. Mume akainama akaibonyeza ya mkewe, si kwa kujibu kitu, ila aisikie tena.

Bi Chimbuko alicheka nao. Kisha akageuka kutazama bondeni. Pale kwenye kamba, jirani yao mmoja, mama wa makamo, alikuwa akivutana na vijana kuhusu sepetu yake. Alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote, na sauti ilikuwa imeanza kumkwaruza. Miguuni pake gunia lilikuwa wazi, na lori la mdogo wake Mizani lilikuwa linangoja, injini ikiunguruma.