Nguzo Nyeusi za Mwinjuma

Baba yake bibi yangu aliitwa Mwinjuma, na kwa kujisifu hakuwa na mpinzani kutoka Bigwa mpaka Mlali. Ubaya wake ni mmoja tu: kila alichojisifia kilikuwa kweli. Mtu wa namna hiyo anachosha. Akikuchongea mpini wa jembe atakuambia, "Jembe litaisha, mpini utaurithisha." Na kweli jembe linaisha, unabaki na mpini na hasira zako.

Ule mwaka gari moshi lilipofika Morogoro, Mdachi mmoja alikuwa na shamba chini ya mlima, karibu na Bigwa. Watu walimwita Bwana Saa. Alikuwa na saa ya mnyororo mfukoni, na kwake kila kitu kilichelewa, hata jua. Huyu alitaka mizabibu, na mizabibu ikataka kichanja cha kutambalia: nguzo ishirini na nne, safu mbili, ili jioni akae chini yake anywe kahawa kama yuko kwao.

Nyapara wake, Stambuli, mtu wa pwani mwenye kanzu isiyojua vumbi, akaleta miti michanga iliyonyooka kama mishumaa, na maganda yake juu. Akaipaka chokaa ikameremeta. Bwana Saa akafurahi, akamwita Mwinjuma aje aisimamishe.

Mwinjuma aliizunguka ile miti, akachomeka ukucha kwenye mmoja. Ukazama.

"Bwana nyapara, hii ni miti au mihogo?"

"Wewe kazi yako kuchimba mashimo," Stambuli akamjibu.

"Ya kuizikia? Haya, nachimba."

Akachimba. Lakini kesho yake alikuja na nguzo sita zake mwenyewe, za mkongo. Aliukata mti huo kiangazi kilichopita, mwezi ukiwa unapungua, kama alivyofundishwa na wajomba zake, akaukausha kivulini. Ganda lote alikuwa ameliondoa, na ile nyama nyeupe ya nje akaichonga kwa tezo mpaka kikabaki kiini chekundu peke yake. Vichwa alivikata mshazari, mvua isipate pa kukaa. Akawasha moto pembeni ya mashimo, akawa anazigeuza nguzo polepole upande wa chini, sehemu itakayoingia ardhini na shubiri moja juu yake, mpaka zikawa nyeusi kama chungu cha matanga.

Stambuli aliona moshi. Hakuuliza. Alishika kanzu yake akakimbia kumwita Bwana Saa.

Ikumbukwe kwamba Vita vya Majimaji vilikuwa vimepoa juzi tu, na moto kwenye shamba la Mdachi haukuwa jambo la mzaha. Bwana Saa alifika uso umemwiva.

"Wewe choma nguzo yangu! Wewe majimaji! Hamsa ishirini!" Akatoa saa. "Saa nane!"

Viboko ishirini na tano, mbele ya vibarua wote, mbele ya wakwe. Mwinjuma angeweza kueleza kwa maneno mawili yakaisha. Lakini watu wa kujisifu wana kasoro hii: ukiwatukana, wananyamaza. Alisimama tu, mikono imefungwa, akiangalia nguzo zake kama anayeziaga.

Ndipo mkewe, Chausiku, akatokea na chakula cha mchana, bibi yangu Asia mgongoni.

"Baba Asia, umefanya nini tena?"

"Nimefanya kazi."

"Na kamba hizo?"

"Ndiyo asante yake."

Chausiku akatua kapu. Akamgeukia Mdachi. "Bwana, usimuulize mume wangu, atajisifu. Usimuulize nyapara, atakupendeza. Waulize wanaokula miti." Akanyoosha mkono ng'ambo ya kijito, kwenye kichuguu kirefu kuliko mtu. "Panda pale nguzo moja nyeupe na moja nyeusi. Siku arobaini tu."

"Kichuguu hiki yangu," akasema Bwana Saa.

"Si chako, Bwana. Ni cha mama yangu, na kabla yake cha mama yake. Tunategea kumbikumbi pale. Kwetu ardhi inapita kwa wanawake. Lakini ukiomba vizuri, mama atakuruhusu."

Vibarua wakainamisha nyuso, kila mtu ghafla ana kitu cha kutafuta chini. Bwana Saa alikunja uso. Lakini alikuwa mtu wa kupenda kila kinachohesabika, na siku arobaini zinahesabika. Akaenda, akaomba. Akaandika kwenye kitabu chake.

"Nyeupe simama, mume wako kiboko," akasema.

"Na ikianguka?"

"Yeye fundi."

Nguzo mbili zikasimikwa, Mwinjuma akafunguliwa kamba. Siku arobaini si chache. Stambuli alipita kila asubuhi kuijulia hali nguzo yake. Akiona ufa wa chokaa anaupaka tena. Mwinjuma hakwenda hata mara moja.

"Huendi hata kuchungulia?" Chausiku alimuuliza.

"Nikachungulie nini? Mchwa wako kazini, nisiwasumbue."

Maneno hayo. Lakini Chausiku alimwona akilala chali kila siku, kama mtu anayeufaidi mgongo wake kabla haujaharibika.

Siku ya arobaini wakakusanyika. Nguzo nyeupe ilikuwa imesimama wima, inang'aa kama jino. Ile nyeusi ilikuwa haitazamiki: udongo wa mchwa ulikuwa umeipanda mpaka katikati ya masizi, halafu ukakata tamaa.

"Alhamdulillahi!" Stambuli akapaza sauti. "Mwinjuma, mgongo wako umeuandaa?"

Bwana Saa akafunga saa yake, tap. "Nyeupe simama." Akamwita askari mwenye kiboko. Mwinjuma akavua shati mwenyewe, akalikunja taratibu, akampa mkewe. Chausiku akalipokea, akamgeukia Mdachi.

"Bwana, mti unaupima kwa macho? Uegemee."

Bwana Saa akaegemea.

Hakukuwa na mlio wa kuvunjika. Nguzo ilisema tu *fyu*, kama mtu anayeshusha pumzi, kwa sababu ndani hakukuwa na mti; kulikuwa na ganda, chokaa, na ukoo mzima wa mchwa. Bwana Saa akaenda nayo chini, akakaa juu ya kichuguu cha mama mkwe wa watu, na wenye nyumba wakaanza kumpanda suruali. Askari alimeza kicheko. Stambuli alitazama milima kama ndiyo kwanza anaiona. Aliyecheka ni Asia, mgongoni kwa mama yake, na mtoto mchanga hapigwi kiboko.

Bwana Saa aliinuka, akajikung'uta. Akaishika ile nyeusi kwa mikono miwili, akaisukuma, akaivuta, akaipiga teke. Teke lilimuumiza yeye. Akachukua kisu akakwangua masizi. Chini yake kiini kilikuwa chekundu kama siku kilipochongwa.

"Choma," akasema. "Nguzo zote nyeupe, choma kama hii."

"Hapana, Bwana," Mwinjuma akasema, akivaa shati lake. "Moto haugeuzi muhogo kuwa mkongo. Zile ni kuni, mpe nyapara akapikie. Nguzo nitachagua mimi, na Bwana Stambuli atanibebea."

"Sawa. Kesho kata."

"Kesho mwezi bado mchanga, na miti ina maji. Nitakata ukianza kupungua."

"Siku ngapi?"

"Angalia juu, Bwana. Saa yangu iko kule."

Na yule mtu aliyelihimiza hata jua, jioni ile alionekana barazani kwake, kahawa mkononi, saa mfukoni, anautazama mwezi wa Uluguru. Akaungoja.