Nevio na Nyimbo Zisizo na Kinanda

Nevio Brnelić alivunjika mkono wa kulia siku ya kuvuna zeituni za mama mkwe wake kule kisiwani Krk. Ngazi iliteleza, akatua chali kwenye wavu uliotandazwa chini kupokea matunda, na mama mkwe, kabla hata ya kumuuliza kama ameumia, akamuuliza kama ameziponda. Hospitalini wakamfunga plasta ngumu kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko, wakamwambia ausahau mkono huo hadi Krismasi ipite.

Alipofika nyumbani, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa Klaudio.

Klaudio ndiye aliyekuwa gitaa na sauti ya Zamu ya Tatu, bendi ya kopi ambayo wao wawili waliianzisha zamani, wakiwa vijana wa kuchomelea vyuma katika karakana ya meli mjini Rijeka. Hawakuwahi kutunga wimbo hata mmoja, wala hawakuona haja ya kutunga. Walipiga rock ya zamani, zile nyimbo ambazo kila mtu mjini anazijua tangu shuleni, na watu waliwapenda kwa sababu hiyo hiyo.

"Tafuteni mtu wa kunishikia nafasi," Nevio akamwambia. "Kinanda changu kiko pale chumba cha mazoezi, akitumie tu. Ila asiwe fundi sana, umenisikia?"

"Usijali, mzee. Nitakutafutia kilaza."

Aliyepatikana ni Tihana, msichana aliyekuwa akifundisha watoto wa chekechea kuimba. Nevio aliposikia kazi yake, moyo ukamtulia. Chekechea! Hakuna la kuogopa hapo.

Sasa, nusu ya nyimbo za Zamu ya Tatu zilikuwa nyimbo za magitaa matupu. Waliozirekodi hawakuwa na mpiga kinanda, na Nevio alikuwa na sheria yake: kama kwenye rekodi hakuna kinanda, basi hakuna. Wimbo wa namna hiyo ukifika, yeye alichukua tari akalitikisa kidogo pembeni, au alishuka jukwaani kwenda kunywa divai nyeupe iliyochanganywa na maji ya gesi, akisubiri zamu yake. Miaka ya mwanzo Klaudio alijaribu kumbembeleza. "Nevio, kwenye rekodi kuna magitaa matatu. Mimi nina mikono miwili tu. Nisaidie na kitu, chochote." Nevio akamjibu, "Basi ajiri gitaa la pili." Klaudio akaja kuchoka, akaacha kuomba.

Mwezi wa Novemba bendi ilipiga katika baa moja karibu na soko la samaki. Nevio akaenda na mkewe Rozana, wakakaa meza ya nyuma, mkono wake ukiwa umening'inia shingoni kwenye kitambaa. Nyimbo za kwanza zilikuwa zenye kinanda. Tihana alizipiga vilevile alivyokuwa akizipiga yeye, na Nevio akaridhika. Tena alimsikia akikosea mara moja, akamgusa Rozana kiwiko. "Umesikia?"

"Sikusikia kitu," Rozana akasema.

Kisha Klaudio akaanza wimbo ambao wao kwenye bendi waliuita Stesheni, unaomhusu mwanamke anayesubiri treni ambayo haiji. Huo ulikuwa wa magitaa. Nevio akageuka kutazama kaunta, maana alijua Tihana angeshuka sasa.

Hakushuka. Ubeti wa kwanza alikaa tu, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Ubeti wa pili akaweka mkono mmoja chini kabisa, upande wa sauti nzito, akabonyeza taratibu na kuuacha palepale. Usingesema kuna kinanda kinapigwa. Ungesema tu kwamba chumba kimepata joto. Kibwagizo kilipofika, akalichukua lile gitaa la pili la kwenye rekodi, lile ambalo Klaudio hulazimika kuliacha kila anapopanda juu kwa sauti, akalipiga kwa sauti ya kukwaruza ambayo Nevio hakujua kama imo ndani ya kinanda chake mwenyewe. Na Klaudio alipomaliza mstari, Tihana akamjibu kwa sauti tatu fupi, basi, akanyamaza tena.

Klaudio akageuza shingo kumtazama, akacheka huku anaimba.

Nevio alikijua kicheko kile. Ndicho alichokuwa akichekewa yeye walipokuwa na nywele ndefu, wakifanyia mazoezi kwenye gereji ya baba yake Klaudio. Kilikuwa kimepotea miaka mingi, naye aliamini kimekwenda na ujana. Kumbe kilikuwapo, ila yeye Nevio ndiye hakuwa na cha kukichokoza. Rozana akasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Kucheza."

"Wimbo huu hujawahi kuucheza."

"Leo miguu inautaka," Rozana akasema, akaenda.

Wakati wa mapumziko Tihana akaja mezani kwao, uso unang'aa kwa jasho. "Barba Nevio! Natumaini sijakiharibu kinanda chako."

Barba ndivyo vijana wa pwani ile wanavyowaita wanaume wenye umri wa baba zao. Ni neno la heshima. Usiku ule lilimchoma.

"Stesheni haina kinanda," akamwambia.

"Najua. Ndiyo maana nimekaa kimya ubeti mzima."

Bepo, mpiga dramu, ambaye hakuwahi kuona moto asitake kuumwagia mafuta, akaangua kicheko. "Mwambie vizuri, binti! Huyu bwana amekaa kimya wimbo mzima kwa miaka thelathini!"

Nevio akajilazimisha kutabasamu. "Na hicho ulichopiga umekitoa wapi?"

"Namsikiliza Klaudio tu," Tihana akasema, wala hakuwa na mbwembwe yoyote. "Akipanda juu kabisa, mkono wake wa gitaa unalegea. Pale naingia. Mkono ukirudi, natoka. Na kama hakuna anachokosa, napiga makofi na watu wengine."

Kesho yake Nevio alivaa visikilizio, akausikiliza Stesheni kutoka kwenye rekodi mara nyingi mfululizo, akitafuta kosa la msichana yule. Hakuliona. Badala yake akasikia magitaa yote matatu, na akaona wazi mahali ambapo mkono wake mwenyewe ungeweza kuingia, miaka yote ile.

"Una kijiba cha roho," Rozana akamwambia akiwa anakatakata kabichi. "Kwa mtoto wa watu!"

"Mimi? Kwa mwalimu wa chekechea?"

"Ndiyo, wewe. Umenuna tangu jana kama mtu aliyedhulumiwa urithi."

Baada ya hapo Nevio akawa haondoki kwenye mazoezi. Leo amefuata waya alioacha, kesho amepita tu kusalimia. Alikaa kwenye kreti ya bia akamtazama Tihana vidole. Hapa umeingia mapema. Pale sauti imezidi. Tihana alisema "sawa, barba", akajaribu alivyoelekezwa, na kila walipojaribu hivyo wimbo ulizidi kuwa mzito, mpaka Klaudio akawa anasimamisha na kusema, "Turudi kwa ile ya mwanzo." Mwishowe Klaudio akamvuta Nevio kando.

"Mzee, kaa nyumbani uuguze mkono."

"Nauguza. Januari natolewa plasta, narudi."

"Utarudi, nani kakataa? Ila nimekuwa nikifikiria." Klaudio akajikuna ndevu. "Zile zenye kinanda upige wewe. Hizi nyingine, ambazo wewe hata huzitaki, tumwachie Tihana. Si huwa unakwenda kunywa?"

Nevio alitikisa kichwa kukubali. Lakini neno lile lilibaki tumboni mwake, na wiki baada ya wiki likazidi kuchacha.

Plasta ikatolewa. Mkono ulitoka mwembamba na mweupe, vidole vimekauka. Msimu wa kinyago ukafika, ule wa kabla ya Kwaresima ambapo watu wa kule huvaa mavazi ya kuigiza, na Zamu ya Tatu ikaalikwa kupiga dansi ya Jumapili mchana katika ukumbi wa wazima moto, kijiji kimoja cha mlimani juu ya mji. Nevio akasubiri mpaka Jumapili hiyo hiyo asubuhi. Akaenda chumba cha mazoezi, ufunguo alikuwa nao, akakitia kinanda kwenye mfuko wake, akakipakia kwenye buti la gari. Kisha akampigia Klaudio simu.

"Daktari wa mazoezi ameniambia nichezeshe vidole kila siku. Nimekichukua kinanda."

"Leo?"

"Kila siku maana yake na leo."

"Nevio, leo Jumapili. Maduka yamefungwa, shule ya Tihana imefungwa. Kwake ana piano kubwa la kusimama, nitalibeba mgongoni?"

"Piga kama kwenye rekodi," Nevio akasema, akakata simu. Kwa muda alijisikia mwepesi kabisa, akapiga na mluzi akinyoa ndevu.

Ukumbini mlikuwa na nyuki, mapadri, mabibi harusi wenye masharubu, na harufu ya maandazi ya fritule yaliyonyunyizwa sukari. Rozana alikuja amevaa kama mwanamke wa posta. Nevio alivaa kofia ya nahodha tu, akasimama karibu na ukuta. Pembeni yake akaja kusimama mashine ya kufulia nguo: boksi kubwa limepakwa rangi nyeupe, na juu yake kichwa cha Tihana.

"Leo nipo likizo, barba," akasema. "Ila sijui nitakaaje, boksi halikunjiki."

Klaudio akaanza Stesheni. Wakaupiga kama kwenye rekodi, gitaa, besi na dramu, kama ambavyo Nevio alitaka siku zote. Watu wakacheza kama kawaida. Nyuki na mapadri hawakusikia tofauti yoyote. Nevio ndiye aliyesikia. Ubeti wa pili ukapita, na chini yake hamkuwa na kitu. Kibwagizo kikapanda, mkono wa Klaudio ukalegea, wimbo ukabaki umesimama kwa mguu mmoja. Mstari ulipoisha, Klaudio akageuza shingo kwa mazoea, akakuta ukuta. Kando ya Nevio vidole vya Tihana vilikuwa vikibonyeza ukingo wa boksi, mahali hasa panapotakiwa.

"Vidole vyako vinaendeleaje?" Tihana akamuuliza bila kumtazama.

"Vinaendelea."

"Leo umevichezesha?"

Nevio akahisi masikio yanapata moto. Hakujua kama binti anamdhihaki au anauliza tu, na hilo lilimuuma zaidi. Akatoka nje kwenda kwenye gari. Bura, upepo mkali wa baridi wa kule, ulikuwa ukipiga milimani, ukakaribia kumpokonya kofia. Akafungua buti, akakitazama kinanda. Tuseme ukweli: hakukitoa kwa kujuta. Alikitoa kwa sababu wazo la Klaudio kugeuza shingo na kumkuta Tihana lilimtesa, na wazo la kugeuka na kumkuta yeye, Nevio, lilimjia kama kiu.

Akaingia nacho ukumbini kwa mkono wa kushoto. Bepo akamwona wa kwanza.

"Oho! Si kiko nyumbani kwa ajili ya vidole?"

"Vidole vimepona," Nevio akasema.

Klaudio akamtazama yeye, akautazama mlango, akaelewa yote. Rozana naye aliyekuwa akicheza akasimama, mikono kiunoni, mfuko wa posta unaning'inia. Nevio akaunganisha waya uso chini.

"Rudieni Stesheni," akasema.

"Tumeshaupiga."

"Urudieni tu, Klaudio. Tafadhali."

Wakaurudia. Mara ubeti wa kwanza ulipoanza, Nevio akauvamia kwa mikono yote miwili, sauti juu ya sauti, ili asiachwe. Mkono wa kulia ukamsaliti, vidole vikagongana, na Klaudio akakunja uso kama aliyeng'ata limau. Nevio akainua macho. Mbele ya jukwaa ile mashine ya kufulia ilikuwa imesimama, kiganja kimeinuliwa: ngoja. Alitamani kumrushia tari. Lakini mkono wa kulia ulishachoka kwa kweli, akautoa. Akangoja. Tihana bado ameinua kiganja. Bado. Bado. Kisha kikashuka, na Nevio akabonyeza kwa mkono wa kushoto peke yake, chini kabisa, akauacha palepale.

Wimbo ukakaa sawa. Aliusikia mwenyewe ukikaa, kama meza inayopata mguu. Kibwagizo kilipofika akaingia mahali mkono wa Klaudio unapolegea, na mwisho wa mstari akatoa sauti tatu, akanyamaza. Klaudio akageuza shingo. Akacheka.

"Ee, bwana!" akapiga kelele katikati ya wimbo. "Kama Tihana kabisa!"

Nevio aliendelea kupiga mpaka mwisho, meno yameumana.

Mwezi Machi Tihana alichukuliwa na bendi nyingine inayopiga kwenye mahoteli ya mji jirani wa Opatija. Kabla hajaondoka Nevio alimnunulia kahawa, akamwomba amwonyeshe na zile nyimbo nyingine. "Ungeniomba tangu Novemba, barba," Tihana akasema, akamwonyesha zote mchana mmoja, akimimina siri zake kama mtu anayetupa maji ya kuoshea vyombo. Nevio akazipiga, na bendi ikawa nzuri kuliko ilivyowahi kuwa. Watu wakampongeza. Klaudio akaacha kumtaja Tihana, na huenda aliacha makusudi. Rozana aliendelea kucheza Stesheni.

Hata hivyo, kila jioni ambayo Zamu ya Tatu haikuwa na kazi, Nevio alimwambia mkewe anakwenda kunyoosha miguu, akapanda basi kwenda Opatija. Alisimama nyuma ya ukumbi wa hoteli bila kuvua koti. Bendi ile ilipoanza wimbo wa magitaa matupu, alihesabu beti akibahatisha mahali msichana yule atakapoingia. Mara nyingi hakupatia. Tihana aliingia pengine, mahali ambapo Nevio asingepafikiria kamwe, na kila mara roho ilimuuma upya. Alijiambia ataondoka kabla ya kibwagizo, na hakuondoka.