Waliomwosha Mama

"Mimi ni Elieza, mwana wa Jasson, aliyekuwa mzee wa kanisa kwa miaka thelathini na mmoja na hakukosa ibada hata siku mvua ilipong'oa paa. Jasson ni mwana wa Bitegeko, aliyepanda kahawa Kituntu majirani wakimcheka, kisha wakaja kumwomba miche. Bitegeko ni mwana wa Katabaro, mwamuzi wa mipaka, ambaye hukumu yake haikukatiwa rufaa. Katabaro ni mwana wa Rwekiza..."

Nilikuwa nimefika hapo, nimeketi juu ya kitanda cha hospitali bila shati, miguu yangu ikining'inia bila kugusa sakafu, daktari aliponyanyua kalamu.

"Babu, hao wote ni wanaume."

"Ndio ukoo wenyewe."

"Nimeuliza kama kuna aliyewahi kuugua titi. Mama yako, kwa mfano. Alifariki kwa ugonjwa gani?"

"Uzee."

"Akiwa na umri gani?"

"Miaka arobaini na miwili."

Daktari Nikuze, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wangu, hakucheka wala hakuandika. Alisubiri. Nami, mtu niliyesoma enzi ambazo mwanafunzi alichapwa kwa kukosea jedwali la kuzidisha, nikalisikia jibu langu likirudi masikioni mwangu. Kwa miaka sitini na mmoja nilikuwa nimeiamini hesabu ile, na hakuna mtu aliyewahi kunichapa kwa ajili yake.

Sikuja hospitali kwa hiari, na sipendi kusifiwa kwa jambo ambalo sikulitenda. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mkaguzi wa kahawa katika chama chetu cha msingi. Nilichota maganda, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake, kutoka kwenye gunia, nikayasugua kiganjani, na vidole vikaniambia yapi yalichumwa mabichi na yapi yalilala na unyevu. Wakulima waliniogopa. Walikuwa wakisema Elieza hahitaji macho. Basi vidole hivyohivyo, msimu wa senene, nikiwa naoga, vilikutana na kitu chini ya chuchu ya kushoto: kigumu, hakiumi, hakisogei, ukubwa wake kama buni moja kavu iliyo ndani ya ganda lake. Gunia lenye buni ya namna ile ningelirudisha mlangoni bila mjadala. Kifua changu nilikifunga vifungo, nikaenda zangu kanisani.

Nilijipa sababu. Bihogo, ng'ombe wangu mwenye pembe ndefu, alikuwa amenisukuma zizini mwezi uliotangulia. Nikaamua ni pembe. Miezi saba nilimsingizia mnyama asiye na hatia.

Aliyenikamata ni Mackrine, mwanangu wa kwanza, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe. Yeye ndiye anayefua mashati yangu. Siku moja alinijia uani na shati jeupe mkononi, akalikunjua mbele yangu.

"Baba, hili doa ni la nini?"

"Ng'ombe."

"Na lile la Jumapili iliyopita?"

"Ng'ombe."

"Mahali palepale, upande uleule? Baba, kanisani mmeanza kufuga?"

Nilimwambia aangalie ulimi wake. Aliuangalia, kwa maana hakusema neno jingine siku ile. Lakini kesho yake asubuhi nilikuta suti yangu imepigwa pasi na bodaboda mbili zinangoja barabarani. Nilifoka tangu mlangoni hadi njia panda. Nilisema titi ni jambo la wanawake. Nilisema nikionekana huko nitaiweka wapi sura yangu. Mackrine alikaa juu ya pikipiki ya pili, mkoba mapajani, akasubiri nimalize.

Hospitali ya kwanza ilitupeleka ya pili, na ya pili ikatupeleka Mwanza. Huko niliketi kwenye benchi lenye wanawake kumi na wanne. Niliwahesabu kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho. Muuguzi alitoka na kadi.

"Babu, mgonjwa wako yuko wapi? Bibi ameenda msalani?"

"Mgonjwa ni mimi."

"Hapa ni kliniki ya matiti, babu."

"Najua kusoma."

Wanawake wote walitazama sakafu kwa adabu, isipokuwa mmoja mwenye kitambaa cha njano kichwani. Alisogea kidogo kunipa nafasi, akasema, "Karibu chamani, mzee." Sikumjibu. Leo ningemjibu.

Kipande cha nyama kilichukuliwa kwa sindano, majibu yakatoka: saratani. Ndipo Daktari Nikuze alipoanza kuuliza habari za ukoo, nami nikampa wanaume wangu wanne, nao hawakumsaidia chochote.

Aliniambia kwamba mwanamume ana titi kama mwanamke, dogo tu, na ugonjwa haubagui. Aliniambia kwamba si kila saratani ya titi hurithiwa, lakini zipo nyumba ambamo hupita katika damu, na damu hiyo hupita kwa baba sawasawa na inavyopita kwa mama. Kisha akaelekeza kalamu mlangoni.

"Yule dada aliyekusindikiza ni mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Basi jibu ninalolitafuta si lako peke yako. Ni lake pia. Nenda ukaulize."

Ningeweza kumuuliza nani? Waliojua walikuwa wameshakufa, isipokuwa mmoja.

Dada yangu Kobugabe aliolewa Mabira, upande wa Kyerwa, na wakati ule alikuwa na miaka themanini. Nilimkuta amekaa mkekani mlangoni pake, anachambua maharage katika ungo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Waitu! Umekonda hivi, nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kuuliza. Mama alikufa kwa nini?"

Vidole vyake havikusimama. Alitoa punje moja yenye tundu, akaitupia kuku.

"Umechelewa kuuliza, Elieza."

"Nauliza sasa."

"Titi. La kulia. Lilianza kama kifundo, likaja kuwa kidonda. Tulimwosha mimi na mama mdogo Placidia. Tukamfunga majani makavu ya mgomba na vitambaa, tabaka juu ya tabaka, ili ninyi mtakapoingia kuaga msisikie harufu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Miaka minane baadaye nikamwosha mama mdogo Placidia mwenyewe. Kidonda kilekile. Bibi mzaa mama, mama na Placidia ndio waliomwosha, nao walisema vivyo hivyo."

Hasira ilinipanda, na mtu akiwakasirikia wafu humwangukia aliye hai.

"Mlijua! Miaka yote hii mlijua, mkanyamaza?"

"Tungemwambia nani?" Sasa alisimamisha mikono. "Sisi tulikuwa ndani na beseni. Ninyi mlikuwa uani na pombe yenu ya rubisi, mnataja mababu. Nani angetoka nje akate orodha ya mababu kwa neno titi? Wewe ungemsikiliza?"

"Ningemsikiliza."

"Joviness alikuja kwako."

Laiti asingelisema. Joviness alikuwa binti yake, mpwa wangu, na alikuja Kituntu mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Nilikuwa nimeinama juu ya mkeka nikigeuza kahawa ili ikauke sawasawa. Alinisalimu, akasimama muda mrefu kivulini mwa paa. Kisha akaweka kiganja juu ya kifua chake na kusema, "Mjomba, nina kitu hapa." Nami sikunyanyua kichwa. Nilimwambia kwamba mambo ya namna hiyo hayaletwi mbele ya mjomba, kwamba anaye mama, aongee na mama yake. Nilisema kwa sauti ya upole. Nilijiona nimemfundisha heshima. Aliomba radhi, akala chakula, akaondoka. Alizikwa akiwa na miaka thelathini na minane, na mazishini nilitaja mababu.

"Na yeye nilimwosha mimi," Kobugabe alisema. "Mwanangu mwenyewe."

Akarudi kwenye maharage yake. Niliketi mkekani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utoto, nikamsaidia kuchambua. Tulipomaliza ungo ndipo nilipomwambia kilichokuwa chini ya shati langu. Hakulia. Alisema, "Kwa hiyo umekuja upande wetu," akainuka kuniandalia chakula.

Nilirudi kwa Daktari Nikuze na majina. Aliyaandika yote, na kwa mara ya kwanza niliona mchoro wa ukoo wetu ukichorwa na wanawake ndani: viduara vyao, na katika vinne kati yavyo wino mweusi. Siku ileile Mackrine aliitwa chumbani. Nilibaki kwenye benchi na wanawake, dakika arobaini kwa saa ya ukutani, na nakiri kwamba katika maisha yangu sikuwahi kumwomba Mungu bila kupangilia maneno isipokuwa dakika zile. Naye alikuwa na kifundo. Kidogo, kilichozama ndani, ambacho vidole vyake havikukifikia lakini mashine ilikiona. Kilitolewa kabla hakijaenda kokote. Titi langu nalo lilikatwa, likafuatiwa na dawa zilizonitapisha mbele za watu bila kujali cheo changu. Miaka miwili imepita. Asubuhi hii Mackrine yuko shambani anachuma kahawa, na nimemsikia akimgombeza mtu kwa kuchuma mbichi.

Kila mwaka, siku ya pili ya Krismasi, watoto na wajukuu hukusanyika uani pangu, nami husimama na kutaja ukoo. Mwaka ule nilipotoka hospitali nilisimama kama kawaida, na hawakunisikiliza kama kawaida. Simu zilikuwa mapajani.

"Mimi ni Elieza," nilisema, "mwana wa Benadeta, aliyekufa kwa saratani ya titi akiwa na miaka arobaini na miwili. Benadeta ni dada wa Placidia, aliyekufa kwa saratani ya titi. Wote wawili ni wana wa mama mmoja, aliyekufa kwa ugonjwa huohuo, na jina lake sikulijua hadi mwaka huu, kwa aibu yangu. Anaitwa Nyamwiza. Binti wa dada yangu ni Joviness, aliyekuja kuniambia, nami nikamnyamazisha."

Kobugabe alikuwa kitini karibu na mlango. Aliinamisha kichwa mara moja tu, kama shahidi anayethibitisha.

Clavery, mwanangu wa mwisho, mwalimu wa sekondari, alikohoa. "Baba, watoto wanasikia."

"Ndiyo maana nasema."

"Lakini haya si ni mambo ya kina mama? Sisi wanaume..."

Nilifungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, mbele ya wakwe na wajukuu, mimi Elieza ambaye hata mke wangu, Mungu amrehemu, aliniona kifua mara chache mchana. Kovu linaanzia karibu na mfupa wa kati na kuishia kwapani. Niliwaacha walitazame mpaka walipochoka, kisha nikafunga vifungo.

Hayo nimeyasema mara mbili sasa, Krismasi mbili, na leo nayaandika kwa sababu nimechoka kuyarudia. Nina wana watano na wajukuu kumi na wanane. Waliokwenda kupimwa ni sita. Clavery anasema atakwenda shule zikifungwa. Zimefungwa mara nne.

Ninyi mnaosoma, na wewe Clavery wa kwanza, sikilizeni vizuri, maana sitaki kuulizwa nilisema nini. Nendeni mkawaulize mama zenu walio hai, kabla hamjahitaji kuwauliza waliowaosha. Mtoto akiwajia akaweka kiganja kifuani, nyanyueni kichwa. Na sasa wekeni karatasi hii chini, ingizeni mkono ndani ya shati, mguse polepole, kushoto na kulia, hadi kwapani.

Sikusema kesho. Nasubiri.