Siku Saba za Kazi

Jumatatu ya mwisho wa Machi, mwaka 2002, Scholastika alifika ofisini karibu na stendi ya Msamvu saa moja na nusu, akakung'uta tope kwenye viatu, akawasha kompyuta na kukuta barua pepe mia moja arobaini na mbili. Machimbo ya kokoto yaliyokuwa ya serikali yalikuwa yameuzwa kwa mwekezaji, na mwekezaji hakutaka makaratasi. Bango getini lilisema oda, zabuni na malalamiko yote yatumwe kwa barua pepe. Makarani wanne walipunguzwa, akabaki yeye.

Meneja, Bwana Kasimiri, alitaka kila ujumbe ujibiwe siku hiyo hiyo. Basi Scholastika akamwita fundi wa kompyuta, naye fundi akamwekea programu ya kujibu yenyewe. Haikuwa programu ya kijinga. Wateja wa kokoto iliwaleta mbele. Ujumbe wowote wa malalamiko, wenye neno kama ufa au baruti, iliujibu na kuuweka kando: "Ujumbe wako umepokelewa. Utajibiwa ndani ya siku saba za kazi. Tafadhali usirudie kutuma." Maneno hayo aliyatunga Scholastika mwenyewe. Wiki hiyo, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, alikula chakula cha mchana akiwa ameketi.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, aliingia Mwalimu Andrea, anayefundisha shule ya msingi ya Kinyange, huko milimani juu ya machimbo. Alikuwa ameloa mpaka magotini. Scholastika akamkaribisha kiti, na mwalimu akamtazama kwa makini.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Sauti yako tunaisikia kule."

Akaeleza. Watu wa Kinyange huitana toka mgongo mmoja wa mlima hadi mwingine, maana kuvuka bonde kwa miguu ni saa nzima. Tangu Jumatatu, bonde lilikuwa limeanza kujibu. Ukiomba chumvi au ukitangaza msiba, neno linavuka kama siku zote. Ukitaja ufa, sauti ya mwanamke inakudaka katikati na kukuambia kwa adabu kwamba ujumbe umepokelewa. Hilo halikumsumbua mwalimu. Lililomleta ni ufa wenyewe, ulio juu ya nyumba ya Bi Mwanahawa. Jumatatu ulikuwa wa kuingiza mkono. Asubuhi hii angeweza kuingia mbuzi. Alikwishakwenda kwa miguu kumsihi bibi ahame. Bibi alimjibu kwamba ameahidiwa siku saba, na akiondoka kabla ya kujibiwa watasema ameiacha ardhi.

"Barua nimetuma kumi na moja," alisema Mwalimu Andrea. "Leo saa tisa wanalipua tena."

Scholastika aliingia kwa meneja, akamweleza habari ya ufa na ya sauti, akaomba baruti isimamishwe. Bwana Kasimiri aliuliza kama watu wale walikuwa wamejibiwa. Scholastika akasema wamejibiwa.

"Basi," alisema Bwana Kasimiri. Kisha akataka kujua sauti inafika umbali gani, akaandika pembeni mwa kalenda yake kwamba huduma sasa inafika hadi milimani.

Scholastika hakurudi mezani. Alichukua mwavuli, akapanda na mwalimu lori la kokoto lililokuwa linarudi tupu, na kutoka machimboni wakapanda mlima kwa miguu. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kutopumzika. Saa saba walisimama mbele ya shule. Ng'ambo, juu ya paa la Bi Mwanahawa, ufa ulionekana wazi, mweusi kama mstari wa makaa. Scholastika aliweka viganja mdomoni.

"Bi Mwanahawa, tokeni! Ufa umepanuka!"

Sauti yake mwenyewe ikamrudia toka bondeni, taratibu, yenye heshima kuliko alivyowahi kumsemesha mtu yeyote. Ikamwomba asirudie kutuma.

Wakateremka. Kijito kilikuwa kimefika kiunoni na kilimnyang'anya Scholastika kiatu kimoja. Alimkuta Bi Mwanahawa kibarazani anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bibi aliitambua sauti hata kabla hajainua macho. "Leo siku ya nne tu. Nilikuhesabia Jumanne ijayo."

"Nimewahi, bibi. Jibu ni kwamba mhame, sasa hivi."

"Liandike."

Scholastika alichana karatasi kwenye daftari la mwalimu, akaandika, akatia saini huku maji yakimdondoka puani. Bibi aliikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga, akasimama. Kaya saba ziliondoka na mbuzi, magodoro na masufuria. Saa tisa baruti ililia. Mteremko ulikaa kimya kwa muda wa mtu kunywa maji, halafu ukashuka. Ulichukua nyumba tano, migomba yote, na makaburi ya ukoo wa Bi Mwanahawa.

Ijumaa Scholastika alipewa barua ya onyo kwa kutoa jibu nje ya utaratibu. Bwana Kasimiri hakuwa na hasira. Alimweleza kwamba mwamba ulioachwa wazi ni mzuri, na kwa kuwa wakazi walihama wenyewe, kwa maandishi, kampuni itaanza kuchimba hapo mwezi wa tano. Scholastika akarudi mezani, akafungua zile barua zilizowekwa kando. Zilikuwa mia tatu na sita. Akaanza kuzisoma, moja moja, saa za chakula.

Bonde liliendelea kujibu, na Kinyange wakajifunza kuishi nalo. Waligundua kwamba neno harusi linavuka bila kuzuiwa. Siku moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza na baruti ikilia upande wa pili wa mlima, Mwalimu Andrea alisimama mbele ya shule akapaza sauti kwamba kuna harusi kwa Hashimu.

Ng'ambo, Hashimu alitoka nje, akatazama mteremko ulio juu ya nyumba yake. Akamwita mkewe amshikie ngazi, akapanda kung'oa mabati ya kuhama nayo.